Chemchemi Iliyozungushiwa Uzio

Siku ya kuniaga kazini walinipa cherehani. Mwenzangu wa idara ya mipango, niliyestaafu naye siku moja, alipewa ndama jike. Mimi sijawahi kushona hata kifungo. Nyumbani kwetu mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeshona vifungo, vyake na vyangu. Lakini mimi ni mwanamke, na kamati ya maandalizi haikuona haja ya kujua zaidi ya hapo. Kisha mgeni rasmi akasimama akanisifu kwa jinsi nilivyosimamia usawa katika halmashauri. Nikapiga makofi pamoja na wengine, nikabeba cherehani yangu hadi nyumbani kwangu Bugene kwa bodaboda, na mpaka leo imekaa sebuleni imefunikwa kitambaa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa katika kazi niliyoiacha, maafisa maendeleo ya jamii mlioajiriwa juzi, Karagwe, Kyerwa na kwingineko. Nimezitumikia wilaya zote mbili, na sitasema haya yalitokea kwenye halmashauri ipi wala kijiji gani, maana sitaki mmoja acheke na mwingine anune.

Kazi yetu ina mambo mengi, ila moja ndilo lililoninyima usingizi. Sheria na miongozo inataka ofisi ya umma, kabla haijaamua jambo, itazame jambo hilo litawagusaje watu ambao maisha yao hayafanani. Mwanamke na mwanaume. Mzee na kijana. Mwenye ulemavu na asiye nao. Mkulima wa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba na kahawa, na mfugaji anayechunga kwenye nyika. Nani atapata, nani atapoteza, na huyo wa kupoteza afanyiwe nini. Maneno mepesi kabisa. Neno gumu humo ni moja tu, nalo ni "kabla".

Aliyenifundisha ugumu wake ni Mzee Rwegoshora, bosi wangu wa kwanza. Alikuwa mrefu, mkimya, anavuta kiko kisicho na tumbaku kwa sababu daktari alimkataza tumbaku lakini hakumkataza kiko. Alinituma kwenye kata moja nikaulize wanawake wanataka soko lijengwe wapi. Nikaitisha mkutano asubuhi, saa ambazo wanawake wako shambani. Wakaja wanaume tupu, wamevaa makoti, wakanieleza kwa upole sana wake zao wanataka nini. Nikaandika yote kwa mwandiko mzuri, nikarudi nimejaa fahari.

Mzee Rwegoshora alisoma, akauliza ni wanawake wangapi waliosema. Nikasema waume zao walisema kwa niaba yao. Hakunigombeza. Aliniambia nirudi kule bila kuitisha mkutano wowote, nikamsaidie kuanika kahawa mtu yeyote nitakayemkuta anaanika, nifumbe mdomo mpaka niulizwe mimi kwanza. Nilifanya hivyo. Kabla jua halijawa kali nilikuwa nimejua kwamba sehemu iliyochaguliwa ilikuwa imepakana na kilabu cha pombe, na hakuna mama aliyetaka binti yake auze ndizi hapo. Makoti yale hayakuwa yamelitaja hilo.

Shikeni na haya mengine aliyonipa mzee yule. Mkutanoni usimtazame anayesema, mtazame aliyekaa nyuma anayenyanyuka kuondoka. Ukitaka kujua mradi utamuumiza nani, usiulize, tembea na anayebeba: anayebeba maji, kuni, mtoto, mgonjwa. Na ukigundua jambo, usiliweke kwenye ukurasa wa mwisho, maana wakubwa husoma ukurasa wa kwanza na jedwali la gharama. Liingize kwenye jedwali. Kitu kisicho na fungu la fedha hakipo.

Alistaafu, na baada yake zikaja kompyuta. Nisionekane ninazichukia, mgongo wangu ulizishukuru. Lakini zilileta ugonjwa mmoja. Zamani uongo ilibidi uuandike kwa mkono, na mkono huchoka. Sasa mtu anachukua aya ya mradi wa mwaka jana, anaibandika kwenye mradi wa mwaka huu, anabadilisha jina la kata, basi. Niliwahi kukuta andiko la barabara yetu ya vumbi, huku milimani, likieleza kwamba barabara hiyo itawainua wanawake wakulima wa mwani. Mwani wa baharini. Mtu alikuwa amelinakili kutoka pwani. Nilipolionyesha ofisini walicheka mpaka machozi, lakini andiko lilikuwa limeshapita vikao vyote na kusifiwa. Mimi nilicheka pia. Nikafika nyumbani nikaacha kucheka.

Sasa niwaambie habari za Mama Leokadia.

Kijiji kilikuwa na chemchemi bondeni, chini ya vibanja. Watu waliteka hapo tangu enzi za mababu, na ng'ombe wa wafugaji wa upande wa pili walikunywa hapo hapo. Kila msimu wa mvua watoto waliharisha. Ukaja mradi: kuchimba kisima kirefu, kusukuma maji kwa umeme wa jua, kuweka mabomba kando ya barabara kuu, na kuizungushia uzio ile chemchemi ili chanzo kisichafuliwe. Nasema wazi, ulikuwa mradi mzuri. Wanawake wengi wa kijiji kile leo hawapandi tena kile kilima na ndoo kichwani, na mimi si mjinga wa kuwaombea warudi bondeni.

Nilipelekwa kuandika ile sehemu yetu. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikashuka chemchemini asubuhi mapema nikakaa kwenye jiwe. Wakaja wasichana, wakaja akina mama, wakateka, wakaondoka. Kisha akashuka mwanamke mtu mzima, mwembamba, dumu la njano mkononi, fimbo mkono wa pili. Alishuka haraka kuliko wasichana. Alipofika karibu nami akasimama.

"Kuna mtu kwenye jiwe langu," akasema.

Ndipo nilipoona kwamba haoni. Nikanyanyuka, nikampa shikamoo, nikajitambulisha. Akaitikia, akakaa kwenye jiwe, akapumzika kidogo kabla ya kuteka. Surua ilimpofusha akiwa mdogo. Kuna mwanaume alimwoa hata hivyo, ukoo wa mwanaume ukakasirika, naye hakujali. Walikaa vizuri. Watoto wao wawili walifariki wachanga, kisha mume naye akafa, Leokadia akabaki peke yake kwenye nyumba na kibanja.

Nilipanda naye kilima. Akanionyesha njia yake kana kwamba ni nyumba yake, na ilikuwa nyumba yake. Hapa mzizi. Hapa udongo unakuwa mwekundu. Unajuaje kuwa mwekundu, nikamuuliza, akasema mumewe alimwambia, nao ni ule unaonata. Hapa kahawa ya jirani. Hapa pinda. Kibanja chenyewe kilikuwa safi, migomba imepogolewa, matandazo yamelazwa vizuri kuliko ya watu wenye macho mawili. Alinikaribisha senene, panzi wetu wa kuliwa, aliokuwa amewakaanga na kuwatunza kwenye kopo.

Nikamweleza mradi. Nikamwambia chemchemi itafungwa, bomba litakuwa ng'ambo ya barabara. Akafunika kopo la senene.

"Waitu, barabarani wale vijana wa bodaboda wanazima injini wakiteremka," akasema, akiniita waitu kama mtu wa kwao. "Wanabana mafuta. Gari nalisikia. Pikipiki iliyozimwa siisikii mpaka imenipita."

Nikasema labda majirani watamtekea. Hapo akageuza uso kunielekea, na maneno aliyosema ndiyo yaliyonifanya niandike yote haya.

"Mwanangu, shemeji yangu Evodius anangoja kitu kimoja tu. Siku nitakaposhindwa kujitekea maji, atasema siwezi kukaa peke yangu. Hatakuwa na ubaya wowote. Atasema kwa huruma."

Niliporudi ofisini niliandika. Sikuandika malalamiko, niliandika njia mbili. Ama uachwe mlango mdogo kwenye uzio na bomba fupi la kutoa maji nje, mbali na chanzo, watu wateke bila kugusa chemchemi. Ama bomba moja la mradi livutwe upande wa huku wa barabara, ambako pia kulikuwa na wazee wengine na shule ya msingi. Nikaingiza kwenye jedwali la gharama, kama Mzee Rwegoshora alivyonifunza. Wala haikuwa gharama ya kutisha. Nikaeleza na ya kibanja, kwamba mwanamke huyu akipoteza maji atapoteza ardhi.

Kwenye kikao cha wataalamu mhandisi wa mradi, kijana mwerevu tena mwenye adabu, alisoma akashusha pumzi. Akasema michoro imeshapitishwa. Nikamkumbusha kwamba tathmini ndiyo ilipaswa kuja kabla ya michoro. Akasema wafadhili wanasubiri. Mwenyekiti wa kikao akaingilia kati, naye alikuwa mtu wa kunipenda, tunasali kanisa moja.

"Mama, huyu ni mtu mmoja," akasema. "Mradi ni wa kijiji kizima."

Nikamjibu kwamba sheria haisemi tuhesabu. Inasema tumtazame yule anayepoteza. Wajumbe wakainamia makaratasi yao kama watu wanaongoja mwenzao amalize aibu yake. Mwenyekiti akasema tutalijadili, wakahamia ajenda nyingine.

Juma lililofuata nikapata barua ya kwenda Bukoba kwenye semina. Nadhani mtacheka mkisikia semina ilihusu nini. Ilihusu ujumuishaji wa jinsia na makundi maalumu katika mipango ya maendeleo. Nilikaa kwenye ukumbi wenye feni, nikapewa begi na kalamu, nikachora duara na mishale pamoja na wenzangu, na wakati huo huo nyumbani kikao cha mwisho kilikaa. Kijana mmoja wa idara yangu alikaimu nafasi yangu. Aliambiwa aweke aya ya kawaida, akaweka: mradi huu hauna athari hasi kwa makundi maalumu. Akasaini. Simlaumu sana, alikuwa na mkataba wa muda na mke mjamzito. Aliyempa maagizo ndiye ninayemlaumu, naye alishapandishwa cheo.

Niliporudi nikaenda kwa mkurugenzi mwenyewe. Alinisikiliza vizuri, akaagiza niletewe chai. Akaniambia mapendekezo yangu yatazingatiwa katika awamu ya pili. Wanangu, mkisikia maneno hayo, nyanyukeni mwende zenu, chai msiimalize. Sijawahi kuiona awamu ya pili ya kitu chochote.

Siku ya uzinduzi walimleta Leokadia kwa gari la halmashauri. Nilidhani naota. Walimketisha mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, wakamfunga kanga mpya. Mgeni rasmi alimshika mkono, wakafungua bomba pamoja, maji yakatoka kwa nguvu, watu wakashangilia, kamera zikawaka. Katika hotuba ikasemwa kwamba serikali haimwachi mtu nyuma, na mfano hai ni mama yetu huyu. Ile picha ilitundikwa kwenye korido ya ofisi, karibu na chumba cha masjala, nami nikawa naipita kila asubuhi.

Nilimsogelea baada ya sherehe. Alikuwa ameshika kikombe cha maji ambacho hakukinywa.

"Maji matamu," akaniambia. "Kesho nani ananivusha?"

Kesho yake majirani walimvusha. Mwezi wa kwanza wasichana wa jirani walimletea maji kwa zamu, na walifanya kwa moyo. Lakini wasichana huenda shule, huolewa, huugua. Zamu ikawa na mapengo. Leokadia akarudi chemchemini, akapapasa uzio mzunguko mzima akitafuta mahali pa kupita, mlinzi akamfukuza. Simlaumu mlinzi pia. Aliajiriwa kufukuza.

Ndipo akajaribu barabara. Walioshuhudia walinieleza kwamba alisimama ukingoni muda mrefu amepinda kichwa, anasikiliza. Lori la ndizi la kuelekea Omurushaka likapita, vumbi likatulia, akavuka. Pikipiki ilikuwa inateremka kimya. Haikumuua. Ilimvunja nyonga, na dumu likapasuka, na kijana wa pikipiki akalia pale barabarani kuliko yeye.

Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka anatembea kwa magongo, ukoo ukakaa kikao. Niliomba niwepo, wakaniruhusu nikae nyuma. Evodius alisema kama alivyotabiriwa, neno kwa neno, na kwa huruma ya kweli. Nilimwona akifuta macho. Alisema shemeji yake ameteseka vya kutosha, hawezi kubaki peke yake, kuna mpwa wa marehemu, huko Kyerwa, mwenye nyumba kubwa na mke mwema. Kibanja kitatunzwa na ukoo. Nikasimama nikasema sheria inamlinda mjane, hiki kibanja ni chake. Evodius akanijibu kwa heshima kwamba hakuna anayemfukuza, aulizwe mwenyewe. Akaulizwa mwenyewe, mbele ya watu wote, magongo magotini. Akasema sawa, ataenda.

Nilikwenda kwenye kata, nikaenda baraza la ardhi. Kote niliulizwa swali moja: mama amelalamika? Hakuwa amelalamika. Aliridhia. Kuna kuridhia kwa aina nyingi, na sheria zetu zinaijua aina moja.

Evodius aling'oa migomba sehemu kubwa, akapanda miti ya mbao. Si mtu mbaya. Miti haihitaji matandazo.

Muda kidogo kabla sijastaafu ikaja timu ya kutathmini mradi, vijana waliovaa fulana zinazofanana. Walifanya kazi kwa uangalifu, nyumba kwa nyumba. Wakauliza kila kaya kama ina mtu mwenye ulemavu anayekosa maji. Hawakumpata hata mmoja. Walinipongeza. Nikawaeleza habari za Leokadia, wakaandika kidogo, kisha kiongozi wao akanieleza, naye alikuwa mkweli, kwamba mtu aliyehama si sehemu ya sampuli.

Mwezi uliopita nilipanda gari kwenda Kyerwa kumwona. Nilikuwa nimekwenda mara kadhaa huko nyuma na kila mara nilirudi nimenyong'onyea, lakini safari hii nilitaka kumwambia kwamba nimestaafu, asije akadhani bado niko ofisini. Nyumba ni nzuri kweli. Mke wa mpwa ni mwema kweli. Leokadia alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, kanga safi, nywele zimesukwa. Nikampa shikamoo, akanitambua kwa sauti kabla sijasema jina.

Nikamuuliza anaendeleaje.

"Naletewa maji," akasema. "Naletewa chakula. Naletewa fimbo nikiiomba." Akainyoosha kanga magotini. "Nilikuwa najua njia moja duniani, mwanangu. Hapa nimefika sijui hata choo kiko upande gani mpaka nishikwe."

Nikamweleza kila kitu, kikao, semina, aya, timu ya fulana. Hakuwahi kuelezwa. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kidole chake kikipita kwenye ukindu wa mkeka kana kwamba kinasoma.

"Hao wa mwisho," akasema, "waliniulizia kwa jina?"

Nikasema hapana.

"Na wale wa kwanza?"

Nikasema hao wa kikao niliwatajia jina mimi, lakini hawakuja.

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Akaniuliza kama migomba yake imezaa msimu huu, na mimi, niliyewaambia ukweli wahandisi na wakurugenzi, sikuwa na ulimi wa kumwambia habari za miti ya mbao. Nikasema sijapita huko.

Wanangu, dawati langu mmelirithi ninyi. Mmesoma kuliko mimi, mna simu zenye ramani, mna sheria zilizoandikwa vizuri kuliko za wakati wangu. Sina hekima ya kuwaachia, na nimechoka na watu wanaostaafu na kugeuka wenye hekima. Nina anuani tu. Mama Leokadia yuko hai, Kyerwa, nyumba ya pili baada ya kanisa, na mtu yeyote pale kituo cha basi atawaonyesha. Masikio yake ni mazima, na kwa kumbukumbu anawazidi wote mnaofanya kazi hii. Mbali na mimi, hakuna mtu aliyefika kutoka ofisini kumuuliza, na nina hakika hata leo asubuhi bado amekaa barazani.